Kwa nini metali huonekana ngumu zaidi ikibonyezwa kidogo?

Chukua kipande cha shaba laini, king'arishe vizuri, kisha kibonyeze kwa ncha ya almasi. Pima ugumu wake. Sogea pembeni kidogo kwenye kipande hichohicho, bonyeza tena, ila safari hii ncha iingie kidogo sana, chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita.

Shaba ni ileile. Ncha ni ileile. Mashine ni ileile. Lakini kipimo cha pili kinaweza kutoka mara mbili au hata mara tatu ya kile cha kwanza.

Si kwamba mashine ni mbovu, wala fundi hajakosea. Ni tabia halisi ya metali. Na kompyuta zilipopewa kazi ya kuiga jaribio hilo, modeli za kawaida za wahandisi hazikuiona kabisa.

Jambo hili haliishii maabara. Linagusa tabaka jembamba linalopakwa kwenye keekee za kutobolea chuma, nyaya ndogo zilizo ndani ya chipu za simu, na hata chuma cha mitambo ya nyuklia.

Ugumu hupimwaje?

Wazo lenyewe ni rahisi. Unasukuma kitu kigumu ndani ya kitu laini kwa nguvu unayoijua, kisha unaangalia alama iliyobaki. Alama kubwa, metali laini. Alama ndogo, metali ngumu.

Mwaka 1900, mhandisi wa Sweden, Johan August Brinell, alitangaza njia ya kutumia gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 10, ikikandamizwa kwa uzito wa kilo 3,000.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920, Robert Smith na George Sandland wa kampuni ya Vickers nchini Uingereza waliiweka gololi kando. Badala yake walitumia almasi iliyochongwa kama piramidi, ambayo pande zake zinazotazamana zina pembe ya nyuzi 136.

Piramidi ina faida kubwa. Bonyeo lake, liwe kubwa au dogo, lina umbo lilelile. Ni kama picha unayoivuta ikue au ipungue kwenye simu: ukubwa unabadilika, sura haibadiliki.

Ugumu ni nguvu ikigawanywa kwa eneo la alama. Kwa hiyo, kwa hesabu za kawaida, jibu linatakiwa liwe moja tu, ubonyeze sana au kidogo.

Kwenye mabonyeo makubwa, mambo huenda hivyo. Kizaazaa huanza kwenye mikromita chache. Mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa mtu una unene wa mikromita 50 hadi 100 hivi. Kuanzia hapo kushuka chini, kadiri bonyeo linavyokuwa dogo ndivyo metali inavyoonekana ngumu.

Mabonyeo ya namna hiyo ni madogo mno kupimwa kwa kuangalia tu. Mashine za sasa hurekodi nguvu na kina wakati ncha inaingia na inapotoka, kisha ugumu unakokotolewa kutokana na mchoro huo. Njia inayotumika zaidi ilitolewa na Warren Oliver na George Pharr mwaka 1992.

Mwanzoni lawama zilienda kwa mashine

Sababu za kutilia shaka vipimo hivyo zilikuwepo. Kung'arisha metali peke yake hukaza ngozi yake ya juu. Ncha ya almasi nayo haichongeki kabisa. Mwisho wake ni butu kidogo, na ubutu huo unaonekana pale unapobonyeza kidogo. Msuguano nao upo.

Basi ikawa rahisi kusema: eti metali haina neno, tatizo ni upimaji.

Mwaka 1994, Norman Fleck, Mike Ashby na wenzao walichapisha jaribio lililopunguza sana shaka hiyo, na halikuwa na ncha ya almasi hata kidogo. Walichukua nyaya za shaba zenye unene tofauti, kuanzia mikromita 12 hadi 170, wakazijaribu kwa njia mbili.

Kwanza walizivuta. Nguvu ya waya mwembamba na ya mnene, ukishahesabu unene, hazikupishana sana.

Kisha wakazisokota, kama mtu anavyokamua nguo. Hapo ndipo kitendawili kilipojitokeza. Ukishahesabu unene, waya mwembamba kuliko zote ulionekana kuwa na nguvu karibu mara tatu ya ule mnene.

Tofauti iko wapi? Ukivuta waya, kila sehemu yake inarefuka sawasawa. Ukiusokota, sehemu ya nje inazunguka sana huku katikati pakibaki karibu palepale. Yaani mabadiliko ya umbo hayako sawa kutoka sehemu moja hadi jirani yake.

Chini ya ncha ya almasi hali ni hiyohiyo. Karibu na ncha metali imevurugwa sana, mbali kidogo imetulia. Na bonyeo likiwa dogo, mpaka kati ya sehemu iliyovurugwa na iliyotulia unakuwa mfupi na mkali zaidi.

Kumbe siri iko kwenye mistari ya atomu

Ndani ya metali, atomu zimejipanga kwa safu kama matofali kwenye ukuta. Mpangilio huo ndio fuwele.

Ili metali ibonyee moja kwa moja, safu za atomu lazima ziteleze juu ya nyingine. Ukipiga hesabu ya nguvu ya kutelezesha safu nzima kwa mkupuo, unapata namba kubwa mno kuliko ile inayoonekana kwenye majaribio. Mwaka 1934, watu watatu waliokuwa wakifanya kazi kila mmoja kivyake, Geoffrey Taylor, Egon Orowan na Michael Polanyi, walieleza kwa nini.

Fikiria jamvi kubwa lililotandikwa sakafuni. Kulivuta lote kwa pamoja ni kazi nzito. Lakini ukitengeneza mkunjo upande mmoja na kuusukuma taratibu hadi upande wa pili, jamvi linasogea bila jasho.

Fuwele nazo zina mikunjo yake: mistari ya kasoro ambapo safu ya atomu imekatika au imepishana. Wataalamu huiita dislokesheni. Metali hubadilika umbo pale mistari hiyo inaposafiri ndani yake.

Ikiwa michache, inapita kirahisi. Ikiwa mingi, inagongana na kuzuiana, kama abiria kwenye daladala iliyojaa kila mtu akitaka kufika mlangoni. Metali inakuwa ngumu.

Taylor aliweka uhusiano huo kwenye hesabu: nguvu ya metali hupanda kwa kipeuo cha pili cha msongamano wa dislokesheni. Msongamano ukiwa mara nne, nguvu inakuwa mara mbili.

Ukuta wa kisima unaeleza mengi

Sasa swali: kwa nini bonyeo dogo lipate msongamano mkubwa?

Fikiria fundi anayejenga ukuta wa kisima kwa matofali yaliyonyooka. Ukuta ni wa duara, matofali hayakunjiki. Kwa hiyo kati ya tofali na tofali anaacha pengo lenye umbo la kabari na kulijaza udongo. Kisima kipana kinahitaji kabari nyembamba tu. Kisima chembamba kinahitaji kabari nene kila baada ya tofali.

Fuwele ikilazimishwa kupinda ina shida hiyohiyo, na kabari zake ni dislokesheni za ziada. Hazikuja kwa bahati. Bila hizo umbo halikubali. John Nye alionyesha hesabu ya uhusiano huo mwaka 1953, na Ashby akaiendeleza mwaka 1970.

Tuseme kina cha bonyeo kimepunguzwa nusu. Jumla ya urefu wa mistari ya dislokesheni inayohitajika inashuka hadi robo. Lakini ujazo wa metali inayoibeba mistari hiyo unashuka hadi sehemu moja ya nane. Robo ndani ya sehemu ya nane: msongamano umeongezeka mara mbili.

Hapo ndipo ugumu unapotoka. Bonyeo dogo halina dislokesheni nyingi. Lina dislokesheni zilizobanana.

Fomula ya mwaka 1998

William Nix na Huajian Gao waliyaunganisha mawazo hayo mwaka 1998 na kupata fomula fupi. Chukua urefu fulani maalumu wa metali husika, ugawanye kwa kina cha bonyeo, ongeza moja, kisha tafuta kipeuo cha pili. Jibu linakuambia ugumu umepanda mara ngapi kuliko ule wa bonyeo kubwa.

Kwa fuwele moja ya shaba iliyolainishwa kwa moto, urefu huo maalumu ulikuwa takriban mikromita 1.6. Ukiingiza namba kwenye fomula, unapata hivi:

– Kina cha mikromita 16: ugumu umepanda kwa asilimia 5 tu.

– Kina cha mikromita 1.6: umepanda kwa asilimia 41.

– Kina cha mikromita 0.2: umekuwa mara tatu.

Shaba iliyokwisha kufuliwa hadi ikakaza haipandi hivyo. Kwenye kina cha mikromita 0.2 ongezeko lake halifiki mara mbili. Sababu ni kwamba daladala yake ilikuwa imeshajaa. Abiria wachache zaidi hawabadilishi hali sana.

Kompyuta ilikwama wapi?

Wahandisi wana njia ya siku nyingi ya kuiga metali kwenye kompyuta. Wanaigawa katika vipande vidogo vidogo, wanaipa kompyuta kanuni ya jinsi kila kipande kinavyokubali nguvu, halafu kompyuta inajumlisha yote. Njia hiyo hutumika kubuni madaraja, magari na ndege.

Ukiipa kazi ya kubonyeza shaba kwa piramidi, inatoa picha safi: wapi pamebanwa, wapi pameinuka pembeni, nguvu kiasi gani imetumika. Lakini ugumu unatoka uleule, bonyeo liwe la mikromita 100 au la mikromita 0.1.

Kuongeza nguvu ya kompyuta hakusaidii chochote. Tatizo liko ndani ya kanuni zenyewe: hazina rula. Zinajua nguvu na zinajua pembe, lakini hakuna namba yoyote ndani yake inayosema kitu hiki ni kidogo au kikubwa. Kwa modeli hiyo, bonyeo dogo na kubwa ni kitu kimoja kilichopigwa picha kwa karibu na kwa mbali.

Hili lilikuwa funzo kubwa. Modeli iliposhindwa, ilionyesha ni nini hasa kilichokosekana: kipimo cha urefu.

Kwa nini wasihesabu atomu zote?

Njia moja ni kushuka hadi chini kabisa na kuiga atomu moja moja. Kompyuta inakokotoa jinsi kila atomu inavyovutana na kusukumana na jirani zake, inazisogeza kidogo sana, kisha inaanza upya.

Kazi za namna hiyo zimewaonyesha watafiti kitu ambacho ni vigumu kukiona kwa macho ya maabara: jinsi dislokesheni ya kwanza inavyozaliwa chini ya ncha, ndani ya fuwele ambayo haikuwa na kasoro. Mfano mmoja maarufu, wa dhahabu, ulichapishwa na watafiti wa Marekani mwaka 1998.

Lakini gharama yake si mchezo. Mchemraba wa shaba wenye upande wa mikromita moja tu una atomu karibu bilioni 85. Na bonyeo la mikromita moja linahitaji mchemraba mkubwa zaidi ya huo.

Muda nao ni balaa. Kila hatua ya hesabu ni kama femtosekunde moja, yaani sekunde moja igawanywe mara milioni moja za bilioni. Hatua milioni moja zinakupa nanosekunde moja tu.

Ndiyo maana ncha ya kwenye kompyuta inalazimika kukimbia. Ikiingia nanomita moja kwa nanosekunde moja, hiyo ni mwendo wa mita moja kwa sekunde. Maabara, ncha huingia nanomita chache kwa sekunde. Tofauti ni zaidi ya mara milioni mia moja.

Njia ya katikati

Kundi lingine la modeli linaziacha atomu na kufuatilia mistari ya dislokesheni yenyewe: inazaliwa wapi, inakwama wapi, inakatana na nani. Hapa kompyuta inaweza kubeba kipande kikubwa zaidi na muda mrefu zaidi, ingawa lazima ipewe kanuni za nini kinatokea mistari miwili ikigongana. Kanuni hizo mara nyingi huazimwa kutoka kwenye modeli za atomu.

Kundi la tatu linarudi kwenye vipande vya wahandisi, ila sasa linaviwekea rula. Kila kipande hakiangalii tu kimebadilika umbo kiasi gani. Kinaangalia pia jirani yake kabadilika kiasi gani. Tofauti ikiwa kali, kipande kinakaza zaidi.

Kwa kufanya hivyo, kompyuta inaanza kuona kile ambacho maabara iliona. Bonyeo dogo linatoka gumu, kubwa linatoka laini, na waya mwembamba unakataa kusokotwa. Kwa nyaya zile za shaba za mwaka 1994, rula iliyohitajika ilikuwa na urefu wa karibu mikromita 4.

Bado kuna mafundo

Fomula ya mwaka 1998 ina mpaka wake. Ukiingiza kina kidogo sana, inasema ugumu utapanda bila kikomo, jambo lisilowezekana. Chini ya mikromita 0.1 hivi, vipimo halisi mara nyingi hubaki nyuma ya utabiri wake. Maelezo yanayotajwa ni kwamba dislokesheni zilizobanana sana husukumana na kusambaa mbali zaidi, hivyo ujazo wake si mdogo kama fomula ilivyodhani.

Umbo la ncha nalo lina lake la kusema. Mwaka 2002, watafiti walionyesha kwamba ncha ya mviringo haifuati kina. Inafuata ukubwa wa gololi yenyewe. Gololi ndogo, ugumu mkubwa, hata ukibonyeza zaidi.

Pigo kubwa zaidi lilikuja mwaka 2004. Michael Uchic na wenzake, Nix akiwemo, walichonga nguzo ndogo za nikeli zenye upana wa mikromita chache na kuzikandamiza kutoka juu. Nguzo iliyonyooka ikikandamizwa hivyo haina kupinda, kwa hiyo kabari za ukuta wa kisima hazihitajiki. Hata hivyo, nguzo ndogo zilikuwa na nguvu kuliko kubwa.

Maana yake ni kwamba udogo unakaza metali kwa njia zaidi ya moja. Kwenye nguzo ndogo, chanzo cha dislokesheni kinaweza kuwa kifupi mno au kisiwepo kabisa, na bila mistari ya kusafiri, metali inagoma. Modeli yenye rula moja tu haiwezi kubeba sababu zote hizo.

Kwa nini wewe ujali?

Chukua tabaka gumu la mikromita 2 lililopakwa kwenye keekee. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kubonyeza lisizidi sehemu moja ya kumi ya unene, ili chuma cha chini kisichanganye kipimo. Hiyo ni mikromita 0.2, kina kilekile ambacho shaba laini inajionyesha mara tatu ya ugumu wake.

Mpimaji amebanwa pande zote. Akibonyeza sana, anapima kilicho chini. Akibonyeza kidogo, anapata namba iliyovimba. Asipoisahihisha, anaweza kusifia tabaka ambalo halistahili sifa hizo.

Mtambo wa nyuklia una mtego mkubwa zaidi. Nyutroni hukipiga chuma cha mtambo kwa miaka mingi na kukifanya kigumu na chepesi kuvunjika. Kusubiri miaka hiyo kabla ya kuchagua chuma kinachofaa ni gharama, kwa hiyo watafiti hukipiga chuma kwa ayoni kutoka kwenye mashine maalumu, na uharibifu wa namna hiyo hupatikana kwa saa au siku.

Lakini mara nyingi ayoni huingia mikromita moja au chache tu. Tabaka lililoharibika ni jembamba, kwa hiyo lazima libonyezwe kidogo. Na likibonyezwa kidogo, ugumu unapanda wenyewe, uharibifu uwepo au usiwepo.

Sasa namba iliyopanda imetoka wapi: kwa mionzi, au kwa udogo wa bonyeo? Ukizichanganya, unaweza kukikataa chuma kizuri au kukikubali kibaya. Watafiti hutumia fomula ya Nix na Gao pamoja na modeli za kompyuta kutenganisha sehemu hizo mbili, ili wakadirie ugumu ambao kipande kikubwa kingekuwa nao.

Namba ya ugumu ikiandikwa bila kina, ni nusu ya habari. Kwa gololi ya Brinell ya milimita 10, hakuna aliyelazimika kuuliza. Kwa metali inayohesabiwa kwa mikromita, swali la kwanza ni lile la fundi wa kisima: duara lina upana gani?